Sababu Nzuri

Walikuja saa mbili kasorobo usiku. Mjomba alikuwa anahesabu pesa za siku, na kijana wake wa dukani alikuwa anaingiza toroli ndani kabla ya kufunga. Walikuwa watatu. Mmoja alishika bastola jinsi watu wanavyoshika simu wakijipiga picha, ovyo ovyo, karibu na uso. Walichukua shilingi elfu sitini na kitu, simu mbili, na mkebe mmoja wa rangi ya kijani ambao hadi leo hatujui waliutakia nini. Hawakumgusa mtu. Mjomba alifunga duka, akatembea hadi nyumbani, akala ugali wake wote bila kusema neno, halafu akaenda bafuni akatapika.

Wiki mbili baadaye akanipigia.

"Wewe si ndiye ulisomea mambo ya historia na kuandika andika? Kuja Jumapili. Kuna fomu nataka tujaze."

Niseme ukweli mapema: historia nilisoma miaka miwili tu. Karo ilikwama, mimi nikakwama nayo, na sasa ninaishi kwa kuandika chochote ambacho mtu atalipia. CV za watu, hotuba za ruracio, matangazo ya ploti, barua za kuomba msamaha kwa mabosi. Familia huniita "mwandishi" kwa ile sauti ya kumwita mtoto wa miaka mitano "daktari". Kwa hivyo fomu ikija, fomu ni yangu.

Nilidhani ni ya mkopo. Ilikuwa ya leseni ya bastola.

Mjomba anauza simiti, mabati na misumari, na huchagua kila kitu jinsi anavyochagua misumari: kwanza uimara, halafu bei, halafu anauliza kama kuna ya bei ya chini. Tayari alikuwa amefanya utafiti wake. Kwenye simu alikuwa na picha kumi na moja za bastola ndogo, zile za kubebwa chini ya koti bila mtu kujua. Anti alikuwa jikoni akigonga sufuria kwa nguvu kuliko chakula kilivyohitaji.

"Hii ni Glock," mjomba akaniambia, kama mtu anayemtambulisha mkwe. "Hii nyingine ni Ceska. Wewe ungechukua gani?"

Mimi bastola nimeziona mara mbili maishani, na mara zote mbili nilikuwa nimelala chini kwa tumbo. Lakini mwandishi hasemi hajui. Nikasoma usiku kucha. Glock ni ya Austria. Jeshi la huko lilianza kutumia ile ya kwanza mwaka 1982, na ile fupi inayopendwa na watu wa kubeba kwa siri, Glock 19, ilitoka 1988, risasi 15 kwenye magazini. Ceska nayo ni ile unayoisikia kila wiki kwenye taarifa ya habari: polisi wamepata "bastola aina ya Ceska". Inatengenezwa katika mji mdogo unaoitwa Uherský Brod, na neno lenyewe kwa lugha yao lina maana ya "ya Kicheki", basi. Yaani sisi tumechukua jina la nchi ya watu tukaligeuza kuwa jina la kitu ambacho kinatuua. Mtaani huwa hatujisumbui hata na hilo jina. Tunasema mguu wa kuku.

Nilipomweleza hayo mjomba alisikiliza kwa adabu, halafu akauliza, "Sasa ni gani?"

Nikamwambia hilo ni swali la mwisho. Kuchagua chuma ni rahisi. Kabla hujafika dukani kuna mlolongo: cheti cha tabia njema, kile ambacho wote tunakiita gudi kondakti, uchunguzi wa wewe ni nani na unaishi na nani, kama akili yako imetulia, kama unajua kulenga, utaifungia wapi. Bodi ya leseni ikikubali, cheti kinataja silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Na Katiba yetu ya 2010, yenye haki za kila aina, haina hata mstari mmoja unaosema raia ana haki ya kumiliki bunduki. Hapa Kenya hilo ni ruhusa. Unaomba, na anayeombwa anaweza kukataa.

Na katikati ya huo mlolongo wote kuna kitu kimoja kilichonikwamisha wiki nzima. Lazima ueleze kwa nini. Sheria inataka mwombaji awe na sababu nzuri ya kutaka silaha hiyo, na mwenye kutoa leseni aridhike kwamba kukupa hakutahatarisha usalama wa umma wala amani.

"Andika niliibiwa," mjomba akasema.

Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika tena. Kwa sababu yale maneno, sababu nzuri, nilikuwa nimeyaona mahali. Na ukishaanza kufuata maneno ya sheria nyuma, bana, huwezi kujua utatokea wapi.

*

Sheria yetu ya bunduki ni Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Imerekebishwa mara nyingi, lakini mifupa yake ni ya mwaka 1953. Na yale maneno kuhusu sababu nzuri na usalama wa umma hayakuzaliwa hapa. Yalitoka kwenye sheria ya Uingereza ya 1920.

Kabla ya hapo, Mwingereza wa kawaida alikuwa anaweza kununua bastola karibu kama anavyonunua mwavuli. Kilichobadilika ni kwamba vita vikuu vya kwanza viliisha, wanaume wengi waliofundishwa kuua wakarudi nyumbani bila kazi, Urusi ilikuwa imepindua mfalme wake 1917, na Ireland ilikuwa inawaka. Bungeni serikali ilizungumzia wahalifu. Kwenye vikao vya ndani, kama kumbukumbu zinavyoonyesha, mawaziri walizungumzia mapinduzi. Walimwogopa mfanyakazi wao wenyewe. Kwa hivyo wakatunga sheria ambayo haisemi mfanyakazi asipewe bunduki. Inasema tu kwamba kila mtu aeleze sababu yake, na polisi ndiye ataamua kama ni nzuri.

Hiyo ni akili ya hali ya juu, ukiifikiria. Mlango upo wazi kwa wote, lakini kuna mtu amekaa mlangoni.

Huku kwetu mlango ulikuwa umeshawekwa kitambo. Mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, yakatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya bunduki: silaha za kisasa zisiingizwe kiholela katika eneo la Afrika kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya ikweta. Ukitazama ramani utaona sisi tuko katikati kabisa. Kilichoachiwa biashara kilikuwa zaidi ile mitambo ya zamani, magobori yasiyo na mistari ndani ya mtutu, yale ya kushindilia baruti kwa mbele.

Sababu iliyotolewa haikuwa ya uongo. Bunduki na utumwa vilikuwa vinatembea kwenye msafara mmoja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinapita hapo kila mwaka kuelekea bara. Zilibadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Lugha yenyewe bado inakumbuka msafara huo: risasi ni neno la Kiarabu la madini ya plumbi, na bastola ilitujia kutoka ng'ambo pamoja na kitu chenyewe.

Lakini angalia miaka. 1890 mkataba unafunga bunduki nzuri zisimfikie Mwafrika. Miaka mitano baadaye, 1895, Uingereza inatangaza kwamba hapa ni himaya yake, na inaingia na bunduki nzuri. Sisemi kwamba mkataba ulitungwa kwa ajili hiyo tu. Ninasema aliyeandika orodha ya wasioruhusiwa alihakikisha jina lake halimo.

*

Ijumaa ile nilienda kwa mjomba na rasimu ya nne. Shosho alikuwa amekuja kutoka Nyeri kwa kliniki ya presha. Shosho ni mama yake mjomba na mama yangu, ana miaka themanini na kitu, na haulizi maswali mengi. Alikuwa kwenye kochi na blanketi magotini. Mjomba akanikonyeza nisiongee. Basi tukaongea mambo ya bei ya mabati.

Lakini anti hakuwa amekonyezwa. "Mama, umeambiwa mwanao anataka bunduki?"

Shosho akamtazama mjomba kwa muda mrefu. Halafu akasema kwa Kikuyu, taratibu, "Ilikuwa risasi moja."

Mimi hadithi hiyo nilikuwa nimeisikia vipande vipande tangu nikiwa mdogo, kama watoto wanavyosikia mambo, ukipita na chai. Siku ile ndiyo niliisikia yote. Shosho alikuwa na miaka kama kumi. Kaka yake mkubwa alikuwa kijana wa kazi kwenye shamba la Mzungu, na jioni moja alisimamishwa njiani, akapekuliwa, na kwenye pindo la koti lake ikapatikana risasi. Bunduki hakuwa nayo. Risasi moja, ambayo mama yao aliapa hadi kifo chake kwamba koti lilikuwa la kupewa na mwenye shamba, na hakuna aliyejua kuna kitu ndani. Alipelekwa kwenye mahakama ya dharura. Hawakumwona tena. Hakuna kaburi.

"Waliuliza kwa nini alikuwa nayo?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Nadhani ile fomu ilikuwa imeniingia kichwani.

"Waliuliza," shosho akasema. "Akajibu hajui. Wakasema hiyo si sababu."

*

Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952. Hapo ndipo historia ya bastola ya kibinafsi nchini Kenya inapoanza kuwa na sura mbili, na ndiyo maana ule mwaka wa 1953 ulinikaba.

Sura ya kwanza. Tarehe 2 Januari 1953, wanawake wawili wa Kizungu, Kitty Hesselberger na Dorothy Raynes-Simson, walikuwa sebuleni kwao kwenye shamba karibu na Nyeri, silaha zikiwa karibu na mkono. Washambuliaji wakaingia. Wanawake wakafyatua, wakawashinda. Kwa walowezi hao wakawa mashujaa. Mwezi huo huo familia ya Ruck, mume, mke na mtoto wao wa miaka sita, iliuawa kwenye shamba lao, na hofu ikawa kubwa. Kuna picha nyingi za enzi hizo: meza ya chakula cha jioni, kitambaa cheupe, kijiko, uma, bastola. Na sitaki kuidharau hofu yao. Mtoto wa miaka sita ni mtoto wa miaka sita. Hao walikuwa na sababu nzuri. Wangejaza fomu ya mjomba kwa dakika mbili.

Sura ya pili. Katika kipindi hicho hicho, kanuni za dharura zilifanya kupatikana na silaha au risasi bila idhini halali kuwa kosa la kunyongwa. Kupatikana nayo tu kulitosha, hata kama hukuitumia. Mwanahistoria David Anderson alipopekua majalada ya kesi hizo alihesabu watu 1,090 walionyongwa wakati wa vita vya Mau Mau. Waliopatikana na hatia ya mauaji walikuwa 346. Waliopatikana na silaha au risasi walikuwa 472. Soma hizo namba mbili tena. Waliouawa kwa kumiliki ni wengi kuliko waliouawa kwa kuua.

Nilipoziona nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi za ploti. Miaka yote nilikuwa nimedhani kaka yake shosho alikuwa bahati mbaya, ajali ya vita. Kumbe alikuwa kwenye safu kubwa kuliko zote za jedwali.

Msituni nao walikuwa wanatengeneza zao. Bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa kigongeo, mipira ya tairi ikawa springi. Zingine zililipuka mikononi mwa mwenyewe. Mjomba anauza mabomba na makomeo hayo hayo, nusu inchi na robo tatu. Nilipomwambia alicheka kwa mara ya kwanza tangu aibiwe.

Halafu kuna yule ambaye jina lake liko kwenye barabara. Dedan Kimathi alipigwa risasi ya mguu akakamatwa alfajiri ya 21 Oktoba 1956, na askari wa kikabila aliyeitwa Ndirangu Mau. Mimi shuleni nilifundishwa kwamba Kimathi alinyongwa kwa kuongoza Mau Mau. Sivyo hati ya mashtaka inavyosema. Mashtaka yalikuwa mawili: kupatikana na rivolva moja aina ya Webley Scott ya .38, na kupatikana na risasi sita. Basi. Kiongozi wa vita vilivyotetemesha himaya alihukumiwa kama mtu ambaye hana leseni.

Alifikishwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor mjini Nyeri, na wazee watatu wa baraza Waafrika. Utetezi wake ulikuwa kwamba alikuwa anakuja kujisalimisha. Ukiusoma kwa macho ya mtu aliyekaa wiki nzima na fomu, unaona kitu kingine: naye alitakiwa kutoa sababu halali ya kuwa na bastola. Akaitoa. Jaji hakuridhika. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa mahali ambapo familia yake imetafuta miaka yote. Miaka 50 kamili baadaye, 18 Februari 2007, tukamzindulia sanamu katikati ya Nairobi, bunduki kwenye mkono mmoja na kisu kwenye mwingine. Bunduki ya sanamu ni ndefu. Ile bastola fupi iliyomwua haimo.

Kwa hivyo mwaka 1953 nchi hii ilikuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja: sheria ya leseni iliyomuuliza mtu kwa upole ana sababu gani, na kanuni ya dharura iliyokuwa na jibu lake tayari. Sheria ya upole ndiyo tuliyorithi.

*

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo. Wakoloni wabaya, sheria mbaya, mjomba apewe bastola yake. Lakini tulipopata uhuru tulikaa mlangoni sisi wenyewe.

Tarehe 28 Desemba 1963, kabla bendera haijamaliza hata wiki tatu, serikali ilitangaza Hali ya Hatari Kaskazini Mashariki kwa sababu ya vita vya Shifta. Haikuondolewa hadi 1991. Kizazi kizima cha Wakenya Wasomali kilikua chini ya kanuni ambazo shosho wangu angezitambua kwa harufu. Nairobi nako bastola fupi ikawa chombo cha siasa: Pio Gama Pinto alipigwa risasi nje ya nyumba yake Februari 1965, Tom Mboya akitoka duka la dawa Julai 1969. Na leseni zikawa kitu cha watu fulani. Uliza mtaani nani ana bastola yenye karatasi; utatajiwa mheshimiwa, mfanyabiashara mkubwa, mtoto wa mheshimiwa. Kati ya 2018 na 2019 serikali ililazimika kuwakagua upya wote wenye leseni, na hiyo pekee inakueleza kitu kuhusu jinsi zilivyokuwa zimetolewa.

Halafu Westgate. Septemba 21, 2013, magaidi waliingia kwenye ile mall, na watu 67 wakauawa. Kabla vikosi havijajipanga, raia kadhaa wenye bastola za leseni waliingia ndani kuokoa watu. Mmoja alikuwa Abdul Haji, ambaye ndugu yake alikuwa amekwama humo. Unaikumbuka ile picha: mtoto wa kike anakimbia na mkono ameunyoosha, na mwanaume anamwita aje. Huyo ni yeye. Msomali wa Garissa, kutoka ule mkoa uliokaa miaka 28 chini ya Hali ya Hatari, akiwa na bastola mkononi siku ambayo Msomali mwenye bastola angeweza kupigwa risasi na upande wowote. Ile karatasi mfukoni haingemkinga na risasi. Alienda hivyo hivyo. Mimi nikiwaza kuhusu bunduki na nikitaka kusema zote ziyeyushwe, picha hiyo hunijia, na hunyamaza.

Lakini hunijia nyingine pia. Kuna kijana wa mtaani ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina Bonoko, kwa sababu alisimama mbele ya kamera akaeleza jinsi polisi walivyompiga mtu risasi kisha wakamwekea bonoko, yaani bunduki bandia, ili ionekane alikuwa jambazi. Watu waliigeuza wimbo. Tuliicheza kwenye matatu, tukacheka. Mimi nilikuwa mdogo, nilicheka pia. Sasa naona kwamba kijana yule alikuwa anatoa ushahidi wa ile kesi ya koti. Mtu anawekewa chuma, halafu maiti inaulizwa sababu.

Na majambazi waliomwibia mjomba? Hao hawakujaza fomu. Shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria kwamba mwaka 2017 kulikuwa na bunduki karibu 750,000 mikononi mwa raia Kenya. Zilizosajiliwa zilikuwa chini ya 10,000. Mwaka 2016 serikali ilichoma 5,250 kule Ngong, moshi ukaonekana vizuri kwenye televisheni. Piga hesabu mwenyewe.

*

Jumapili iliyofuata shosho aliomba nimsomee barua. Mjomba hakutaka, lakini ni mama yake. Nikasoma, nikitafsiri kwa Kikuyu changu cha Rongai ambacho humfanya shosho afumbe macho kama mtu anayekanyaga changarawe.

Nilikuwa nimeandika vizuri, hata kama ni mimi nasema. Jina, kazi, miaka kumi na tisa ya kulipa ushuru, tarehe ya wizi, nambari ya ripoti ya polisi. Sababu: mwombaji hufunga biashara usiku, hubeba fedha, ameshambuliwa, anahofia maisha yake na ya wafanyakazi wake. Lengo: bastola moja fupi ya kujilinda, itakayofungiwa kwenye sanduku la chuma.

Shosho akasikiliza hadi mwisho. "Ni barua nzuri," akasema. Halafu akamgeukia mjomba. "Siku ile walikuwa watatu. Ungekuwa nayo, ungefanya nini?"

Mjomba akafungua mdomo, akaufunga. Nilijua anaiona: droo, mkono, kijana wake amesimama na toroli katikati.

"Sijui, mama," akasema.

"Yule pia alijibu hajui."

Hakuna aliyeongea. Anti akaleta chai. Nilitaka kusema kwamba si sawa, kwamba huyu anaulizwa na mama yake na yule aliulizwa na jaji, kwamba mjomba ni raia wa nchi huru, ana haki ya kuogopa na kuomba ruhusa kama wale wanawake wa Nyeri waliokuwa na silaha karibu na mkono. Ninaamini hivyo bado. Kama kuna mtu nchi hii anastahili kuulizwa sababu yake na kuaminiwa, ni mtu wa duka ambaye hajawahi kumpiga hata paka. Lakini pia nilikuwa nimemtazama usoni alipokuwa anafikiria jibu, na sikutaka kuwa mtu aliyemwandikia lile jibu.

Mjomba akaikunja barua mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Wiki hiyo alimwita fundi, akatiwa grili mbele ya kaunta. Sasa anafunga saa kumi na mbili na nusu, na bango la nambari ya till limekuwa kubwa kuliko jina la duka. Fomu iko kwenye droo ya vitabu vya risiti. Najua kwa sababu mwezi uliopita nilitafuta kalamu nikaiona, imeanza kupata rangi ya kutu kwenye mikunjo, kama vitu vyote vinavyokaa karibu na misumari.

Nilidhani mambo yameisha. Halafu juzi, saa tano usiku, ujumbe ukaingia. Duka la jirani yake, yule wa vipuri vya pikipiki, lilikuwa limevamiwa.

"Ile barua," mjomba aliandika, "bado unayo kwa kompyuta?"

Ninayo. Nimeifungua. Nimesoma tena ile sehemu ya sababu, na bado sijamjibu.